Gari linalokokota nalo lipimwe breki

Barua ya wazi kwa wakuu wa ukaguzi wa magari, wakuu wa polisi wa barabarani na wenye magari ya kukokota, Bujumbura

Waheshimiwa wakuu, na ndugu zangu wenye magari,

Mimi ni fundi wa breki za upepo hapa Buyenzi. Jambo hili nimelisema garajini mpaka sauti imekauka, nimewaeleza wenye magari mmoja mmoja, na nimelipeleka kwa maandishi kwenye ofisi ambayo sitaitaja, wala sikujibiwa. Wakati wote huo malori yaliyokufa yameendelea kuteremshwa kutoka Bugarama yakiwa nyuma ya magari ya kukokota ambayo breki zake zinatosha kulisimamisha gari lenyewe tu, likiwa tupu, kwenye barabara tambarare. Ndiyo sababu leo naandika hadharani.

Ninachoomba ni kimoja, na mengine yote nitakayoyasema yanatokana nacho: gari la kukokota lipimwe breki kwa uzito linaoukokota, siyo kwa uzito wake likiwa peke yake.

Barabara yenyewe mnaijua. Mji wetu uko kando ya ziwa, mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko juu ya mita 2,000. Tofauti hiyo, zaidi ya mita 1,200, barabara ya RN1 inaimaliza kwa kilomita zisizofika 40, kona juu ya kona. Hapo ndipo yanapopita malori ya Dar es Salaam yaliyoingia kwa mpaka wa Kobero yakaja kwa Muyinga, Ngozi na Kayanza, na hapo ndipo yanapokutana na yale ya Gitega. Kuna ukungu asubuhi, kuna mvua miezi mingi ya mwaka. Kuna vijana wa baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, na wengine wanaopanda wakiwa wamejishikiza nyuma ya malori. Kuna akina mama wa kabichi na karoti pale makutano, hatua mbili kutoka lami. Na chini kabisa mteremko unapokwisha, barabara haimwagiki porini. Inaingia mjini, kwa watu.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haibishani na mtu. Gari la kukokota pamoja na lori lililoharibika likiwa na mzigo wake, tuseme tani 40. Tani 40 zikishuka mita 1,200 zinatoa nguvu ambayo, yote ikigeuzwa joto, inaweza kuchemsha zaidi ya lita 1,400 za maji, yaani mapipa saba ya lita 200. Sehemu ya nguvu hiyo inachukuliwa na matairi, na upepo, na injini kama dereva anaitumia. Inayobaki yote inaingia kwenye ngoma za breki. Na lori lililo nyuma likiwa halina breki, inaingia kwenye ngoma za gari moja tu, lile la mbele.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Lori linalokokotwa linateremshwa bila breki hata moja.

Hili ndilo kubwa, na nitalieleza polepole kwa ajili ya wasio mafundi. Kwenye lori la breki za upepo, ndani ya kila chemba ya gurudumu la nyuma mna springi kubwa. Upepo wa matangi ndio unaoishikilia springi hiyo isijitanue. Upepo ukiisha, kwa sababu mpira umepasuka au kompresa imekufa au injini imezima, springi inaachia na magurudumu yanafunga yenyewe. Aliyebuni hivyo alifanya jambo la busara: lori lisilo na upepo lisitembee.

Lakini lori lililofunga magurudumu halikokoteki. Basi fundi wa gari la kukokota anajilaza chini kwenye lami, anachomoa ile boliti ndefu iliyopachikwa ubavuni mwa chemba, anaiingiza kwa nyuma, anakaza nati kwa spana mpaka springi inarudi ndani na kukaa. Anahamia chemba ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu anafungua propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ili giaboksi isiungue njiani. Akisimama na kujifuta mikono, lori lile halina tena kitu cha kulizuia. Springi zimefungwa kwa boliti. Breki ya mguu haifanyi kazi kwa kuwa hakuna upepo. Injini haiwezi kusaidia kwa kuwa propela imetolewa. Ni tani 25 za saruji na chuma zilizoegemezwa kwenye mgongo wa gari lililo mbele, na mbele ya gari hilo ni mteremko wa RN1.

Kuna na lingine. Likinyanyuliwa pua, lori lile linahamishia uzito nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari la kukokota, na ekseli ya mbele ya gari hilo inakuwa nyepesi. Usukani unalegea. Breki za mbele, hata zikiwa nzima, zinakamata tairi lisilokandamiza lami sawasawa. Dereva anakanyaga pedali akidhani ana magurudumu yote, kumbe yanayofanya kazi ya kweli ni ya nyuma tu, na ndiyo hayohayo yanayosukumwa na mzigo.

Dawa ipo, na katika yote nitakayoyataja hapa ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Ni mipira miwili ya upepo yenye viungio vyake, kutoka gari la kukokota hadi lori lililoharibika, na valvu ya remoki kwa gari ambalo halina. Mpira wa kwanza unajaza upepo na kuzirudisha zile springi bila mtu kugusa boliti. Wa pili unapeleka amri ya pedali: dereva wa mbele akikanyaga, magurudumu ya lori la nyuma nayo yanakamata. Na mpira ule wa kwanza ukikatika, springi zinaachia, lori linajifunga. Ulinzi alioutaka mtengenezaji unabaki mahali pake. Pale ambapo mfumo wa upepo wa lori umeharibika kiasi cha kushindwa kupokea, lishushwe mzigo kwanza, au lipandishwe juu ya trela la lobedi. Itachukua saa nyingi zaidi, na mwenye mzigo atalalamika. Najua. Bado nasema lishushwe mzigo.

2. Magari yenyewe ni ya zamani na hayakutengenezwa kwa kazi hii.

Mengi kati ya magari ya kukokota tunayoyaona hapa yalikuwa malori ya kawaida huko Ulaya, ya miaka ya 1970 na 1980, Mercedes, MAN, Magirus, yakafungwa krini mgongoni. Ni magari ya chuma kizito na mimi nayapenda. Injini zake zitaishi kuliko nyingi za leo. Lakini breki zake ni za enzi zake. Baadhi yana njia moja tu ya upepo kwa magurudumu yote, kwa hiyo mpira mmoja ukipasuka yote yamekwenda. Kompresa ni ndogo. Matangi ni machache, na yasipotolewa maji kila siku yanajaa maji na kutu. Na slaki zake, vile viwiko vinavyounganisha chemba na kamu ya breki, ni za kurekebishwa kwa mkono.

Naomba mnisikilize kwenye slaki, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokufa bila kitu chochote kuvunjika. Chemba ya namba 30, ambayo ni ya kawaida kwenye magari mazito, fimbo yake inaweza kutoka milimita 64 na haiwezi kuzidi hapo. Ikitoka zaidi ya milimita 51 wakati breki inakanyagwa, breki hiyo inahesabiwa imelegea. Ngoma ikipata joto inatanuka na kukikimbia kiatu cha breki, kwa hiyo fimbo inalazimika kutoka zaidi ili kukifikia. Chukua gari ambalo fimbo zake zinatoka milimita 57. Likiwa baridi linasimama vizuri, na dereva anaapa kuwa breki zake ni nzuri. Katikati ya mteremko, ngoma zikiwa za moto, zile milimita 7 zilizobaki zimekwisha. Fimbo inagota mwisho wa chemba. Dereva anakanyaga, upepo upo, geji inaonyesha upepo upo, na gari haliitikii. Baadaye watu husema breki zimekatika. Hakuna kilichokatika.

Slaki za kujirekebisha zenyewe zipo. Marekani ilizilazimisha kwa kila gari la breki za upepo lililotengenezwa tangu Oktoba 20, 1994, na magari ya zamani yanaweza kufungwa hizo hizo mradi fundi achague urefu sahihi wa kiwiko na azifunge mbili mbili, kushoto na kulia kwa pamoja. Kwa magari ya kukokota, naona ziwe lazima. Na zikishafungwa, zisichezewe kwa spana kila wiki: slaki ya aina hiyo ikilegea ujue kuna kitu kingine kibovu, bushi za kamu au kiatu, na hicho ndicho cha kutafuta.

Hapa niwaambie wenye magari jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mkija garajini mnaniomba chemba kubwa zaidi. Chemba kubwa inaongeza nguvu ya kukaza, haiongezi uwezo wa ngoma kumeza joto. Ngoma ileile, lainingi ileile, joto lilelile, ila sasa unaliingiza kwa haraka zaidi. Ukitaka breki inayodumu hadi chini, tafuta ekseli ya lori la miaka ya karibuni yenye ngoma pana na viatu vipana, nunua lainingi mpya inayojulikana inatoka wapi, na ngoma iliyochongwa hadi kupita kipimo chake iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Lainingi zilizotolewa kwenye gari jingine na kupigwa ribiti upya hazifai kwa gari la kukokota. Nimezikataa mara nyingi na nitaendelea kuzikataa, hata mteja aende kwa jirani.

3. Ukaguzi unaangalia gari lisilo na kazi.

Wakuu, gari la kukokota linakuja kukaguliwa likiwa peke yake, tupu, baridi, limeoshwa. Taa zinawaka, honi inalia, matairi yana meno, na kwenye uwanja ulio tambarare linasimama. Linapewa karatasi. Karatasi ile ni ya kweli kwa gari lile, lakini haisemi lolote kuhusu gari lile likiwa na tani 25 nyuma yake kwenye kona za RN1. Na barabarani nako, lori lenye mzigo linasimamishwa na kuangaliwa, ila gari la kukokota linapewa njia kwa kuwa lina kazi ya dharura na foleni inasubiri. Nawaelewa polisi, kila mtu anataka barabara ifunguke. Lakini gari ambalo mnaliachia njia huenda ndilo lenye mzigo mzito kuliko yote yaliyopita asubuhi ile.

Kulipima hakuhitaji mtambo wa kigeni. Kunahitaji chaki na rula. Weka vizuizi kwenye magurudumu, achia breki ya kuegesha, piga alama ya chaki kwenye fimbo pale inapoingia kwenye chemba. Upepo uwe kati ya bari 6 na 7. Utingo akanyage pedali hadi mwisho, na wewe pima umbali kutoka kwenye chemba hadi kwenye alama. Gurudumu kwa gurudumu, uandike. Kisha chungulia lainingi: ikiwa chini ya milimita 6, gari lisitoke. Tazama ngoma kama ina madoa ya buluu na nyufa za joto, maana ngoma inatunza kumbukumbu ya kila mteremko ulioshukwa vibaya. Nusu saa inatosha. Mwisho zima injini, kanyaga breki mara kadhaa, uangalie geji inashuka kwa kasi gani na springi zinaachia lini.

4. Breki za magurudumu zimeachiwa kazi yote.

Mwaka 1931 Clessie Cummins, yule wa injini za dizeli, alikuwa akishuka mlima wa Cajon huko California na lori lake, breki zikazidiwa, na chini yake treni ilikuwa inakata barabara. Aliponea chupuchupu. Aliliwaza jambo hilo miaka mingi, na mwaka 1961 breki ya injini iliyotokana na wazo lake ikaingia sokoni. Tangu hapo wajuzi wa milima wanajua kwamba breki za magurudumu ni za kusimamisha gari. Za kulizuia gari lisikimbie mlima mzima ni kitu kingine.

Kwa magari yetu ya zamani njia ziko mbili. Ya kwanza ni ile breki inayoziba bomba la moshi. Mengi ya magari haya yalitoka kiwandani nayo, lakini kipepeo chake kimeganda kwa masizi na mtu akaitoa badala ya kuisafisha. Irudishwe. Ya pili ni ritada ya umeme, kama zile za Telma ya Ufaransa, inayofungwa kwenye propela na kulizuia gari kwa sumaku bila kugusa kiatu cha breki. Hiyo ni ghali, na kwenye lami yenye maji lazima itumike kwa upole, kwa sababu inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Lakini kwa gari ambalo riziki yake yote ni kuteremsha mizigo ya wengine kutoka Bugarama, naiona kuwa kifaa cha kazi, sawa na krini yenyewe.

Na frii, yaani kushuka bila giya. Tangu mafuta yawe ya kutafutwa kwa foleni, madereva wengi wamejizoeza kutia frii kwenye mteremko, wengine hata kuzima injini. Injini ikizima kompresa haijazi tena, na usukani unakuwa mzito mikononi. Kwa lori la kawaida ni hatari. Kwa gari linalokokota lingine sina neno zuri la kuliita. Lishuke kwa giya ileile ambayo lingehitaji kupandia.

Najua mtakalojibu: vipuri vinatoka nje, na fedha za kigeni hazipatikani. Ni kweli, nami naliona kila siku kwenye rafu zangu. Kwa sababu hiyo siombi yote kwa mpigo. Kwa mwenye gari mwenye fedha kidogo, aanze na mipira miwili na valvu ya remoki. Kisha slaki. Kisha lainingi na ngoma. Breki ya moshi isafishwe sasa hivi, maana hiyo haitaki fedha ila mikono. Ekseli pana na ritada zifuate. Wenye magari watatu au wanne wakiagiza slaki kwa pamoja kupitia Dar es Salaam, gharama ya kusafirisha itagawanyika.

Wakuu wa ukaguzi, kwenu naomba matatu. Gari la kukokota lipewe fomu yake, inayotaja uzito mkubwa linaoruhusiwa kukokota kwenye mteremko, na uzito huo uandikwe mlangoni kwa rangi. Kipimo cha chaki kifanywe kila baada ya miezi mitatu kwa magari haya. Na gari lisilo na valvu na mipira ya kupeleka upepo nyuma lisipewe karatasi ya kukokota magari ya breki za upepo.

Polisi wa barabarani, kwenu naomba moja tu, mlifanye pale Bugarama kabla gari halijaanza kushuka: dereva akanyage pedali, na mmoja wenu aangalie kama fimbo za lori la nyuma zinatembea. Zisipotembea, lisishuke. Ni jambo la dakika moja, linaonekana kwa macho, halihitaji fundi. Na wenye mamlaka ya barabara wafikirie njia ya kutorokea, yenye changarawe nene inayopanda kilimani, kabla ya kona za chini.

Juni 30, 2023, kwenye makutano ya Londiani nchini Kenya, lori liliacha njia likavamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara, wengine wakiuza, wengine wakisubiri usafiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Sisemi lile lilikuwa gari la kukokota. Nasema kwamba pale Bugarama, na kule chini Kamenge, barabara inapoingia mjini, watu wanasimama karibu na lami vilevile, na wengi wao ni akina mama na watoto waliotumwa kuuza.

Mvua kubwa zinarudi kila mwaka kuanzia miezi ya Septemba na Oktoba. Naomba kikao kabla ya hapo, cha wakaguzi, polisi, wenye magari na mafundi, wala kisifanyike ofisini. Kifanyike Buyenzi, na kila mwenye gari la kukokota aje na gari lake. Chaki na rula nitaleta mimi, na kupima sitamtoza mtu hata faranga. Matokeo yaandikwe mbele ya wote, gurudumu kwa gurudumu, na nakala ibaki kwa wakaguzi.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa breki za upepo
Buyenzi, Bujumbura